Nusu ya Igizo la Mlango

Tangu nirudi mmekuwa mkiniuliza, kila mmoja kwa wakati wake, "Vipi Lushoto, ulikipata ulichokifuata?" Na kila mara nimewajibu kwa maneno mawili matatu, kisha nikabadilisha mazungumzo. Sikuwa nawaficha. Nikianza kusimulia nafika mahali nakwama. Ndiyo maana nimeona niandike yote, msome wenyewe, ili tukikutana tuzungumze mengine.

Kwa msiojua, nasomea shahada ya uzamivu katika sanaa za maonyesho, na utafiti wangu unahusu maigizo ya wafanyakazi wa mashamba ya chai kule milima ya Usambara. Watu walitoka Njombe, Singida, Kigoma, wakachuma chai bega kwa bega na Wasambaa, na siku za mapumziko wakaigiza katika ukumbi wa shamba. Hakuna aliyeyaandika maigizo yale. Lililosifiwa kuliko yote liliitwa la mlango. Mume amechelewa kurudi nyumbani, mke amejifungia ndani, na igizo zima ni wao wawili wakisemezana, mmoja nje, mmoja ndani.

Mume alikuwa Mzee Alois, Msambaa wa Rangwi. Mke alikuwa Bi Salome, Mbena aliyekuja kuchuma chai akiwa msichana. Kila mmoja alikuwa na familia yake, lakini jukwaani hawakuwahi kubadilishwa. Shamba lilipopunguza watu, kikundi kikafa. Mzee Alois akarudi kwao Rangwi, Bi Salome akabaki katika nyumba za zamani za wafanyakazi, njia ya Bumbuli. Hawakuonana tena. Nilipowapata kwa simu, wote wawili walikubali kuniigizia. Mpango wangu ulikuwa nimfuate kwanza mzee, nimrekodi, kisha niteremke naye hadi kwa Bi Salome, niwaone pamoja.

Dar hadi Mombo

Kiti cha pembeni yangu alikaa mama mmoja wa Korogwe mwenye boksi la vifaranga lililotobolewa matundu. Aliniuliza nasoma nini. Nikamwambia maigizo.

"Mpaka chuo kikuu?"

"Ndiyo, mama."

"Mume wangu angekuwa profesa," akasema. "Akitoka kwa wanawake zake anaigiza mgonjwa mpaka unamwonea huruma."

Tulicheka mpaka vifaranga wakaanza kelele. Basi liliharibika kabla ya Segera, tukashuka, tukakaa kwenye majani tukila machungwa ya kununua hapo hapo barabarani huku fundi amelala chini ya gari. Yule mama aligawa maji kwa kifuniko cha chupa, kwanza kwa vifaranga, kisha kwa watoto wa watu, mwisho kwangu. Tulipofika Mombo jua lilikuwa limeshazama na milima haionekani kwa wingu. Mombo joto lilikuwa lile lile la siku zote, lakini muuza mahindi ya kuchoma aliinua kidole kuelekea juu, akaniambia, "Huko unakokwenda kunanyesha tangu juzi. Kama una sweta, livae kabisa."

Nililala hapo, nikiwa na furaha. Nasema hivyo kwa sababu ni kweli. Nilijiona nimeshafika.

Mombo hadi Soni

Asubuhi basi dogo lilianza kupanda kona zile, mto upo kulia, mara upo kushoto, maji mekundu. Tulifika Soni vizuri. Pale ndipo tukaambiwa tushuke. Kipande cha mlima kilikuwa kimeporomoka barabarani mbele, kati ya Soni na Lushoto, na hakuna gari linalopita mpaka greda lije.

Nilikimbilia mgahawa wa Mama Shafii, mwanamke mnene mchangamfu mwenye kanga kiunoni na sauti ya kuita watu ng'ambo ya barabara. Aliniwekea makande na chai ya tangawizi kabla sijaagiza. Alinisalimu kwa Kisambaa, "Onga maundo," akaniangalia nikihangaika, akajijibu mwenyewe akicheka. Kisha akauliza kilichonileta.

"Nafuatilia waigizaji," nikasema.

Hilo neno lilinipa tabu. Ndani ya muda mfupi habari ilienea sokoni kuwa kuna dada wa filamu ametoka Dar anatafuta waigizaji. Wasichana walianza kupita mbele ya mgahawa wakiwa wamejipaka mafuta ya midomo. Muuza bucha akaja na miwani ya jua, mvua ikinyesha, akaomba apewe nafasi ya tajiri mwenye roho mbaya. Mama Shafii mwenyewe aliniomba nimtazame, akainamisha kichwa, na alipokiinua machozi yalikuwa yanatiririka.

"Umeona? Na sijafikiria hata msiba."

Nilieleza, nikaeleza tena, kwamba mimi ni mwanafunzi, namtafuta mzee mmoja wa Rangwi aliyeigiza zamani. Walinisikiliza kwa adabu, na muuza bucha akauliza, "Kwa hiyo tajiri ameshapatikana?"

Umeme ulikuwa umekatika Soni nzima. Simu yangu ilikuwa imebakiza chaji kidogo, na simu hiyo ndiyo niliyoitegemea kumrekodi mzee. Mzee Alois hakuwa na simu. Nilikuwa naongea naye kupitia kwa mkwewe, mama Fausta. Nikampigia nikiwa nimesimama mlangoni kutafuta mtandao.

"Shikamoo dada. Naomba umwambie mzee nimekwama Soni. Njia imefungwa."

"Umekwama?"

"Nimekwama, ndiyo. Leo asinisubiri."

"Soni?"

"Soni, kwa Mama Shafii," nikasema, na simu ikakatika.

Nikaona nimeshaeleweka. Nikaizima simu ili chaji isiishe.

Nimeyarudia maneno hayo mara nyingi sana kichwani. Ukiyasikia ukiwa Rangwi, na upepo unavuma kwenye simu, yanasema kitu kingine. Yanasema mgeni ameshindwa kupanda, yuko Soni kwa Mama Shafii.

Soni hadi Rangwi

Kulipopambazuka tulisikia greda limefanya kazi. Mama Shafii alinitafutia lori lililokuwa linarudi Lushoto tupu baada ya kushusha kabichi, dereva akanipa kiti cha mbele na peasi la kutafuna. Lushoto sikukaa. Nilipata gari la kwenda Lukozi, na kutoka Lukozi nikapakiwa kwenye pikapu ya mtu aliyepeleka mbolea Rangwi. Barabara ilikuwa tope. Mara kadhaa tulijibana ukingoni kupisha magari yaliyoteremka na watu wa gulio, kwa kuwa ilikuwa siku ya gulio la Soni. Nilipungia mikono nyuso nyingi. Sikumjua Mzee Alois kwa sura.

Rangwi kengele ya misheni ilikuwa inalia nilipofika. Nilielekezwa nyumba yenye maua meupe ya kalalili uani. Mama Fausta alitoka na unga mikononi, akanitazama, akatazama nyuma yangu.

"Tumsifu Yesu Kristo."

"Milele, amina. Wewe ni nani?"

"Ni mimi, Rehema. Wa chuo."

Alijifuta mikono polepole kwenye kanga. "Kwani hamkuonana?"

"Na nani?"

"Na baba. Ameondoka na gari la kwanza. Alisema mgeni amekuja kwa ajili yake kutoka Dar, hawezi kuachwa akwame Soni kama mzigo. Amebeba na koti lake lile la maigizo."

Niliwasha simu. Ikatetemeka mkononi kama imepata homa. Kulikuwa na simu za mama Fausta za jana yake jioni na za alfajiri, na ujumbe mmoja: *Baba anakuja huko msubiri.*

Nilimpigia Mama Shafii, haikupatikana. Hapakuwa na gari lingine la kuteremka siku hiyo. Mama Fausta alinipikia viazi na maharage, akanikaribisha mara nyingi, nami nikala kwa sababu ningekataa ningemuumiza. Alinionyesha kitanda cha mzee kilichotandikwa vizuri. Aliniambia kwamba kwa wiki nzima baba mkwe alikuwa anafanya mazoezi uani, anaongea na mlango wa banda la mbuzi.

"Sisi tulicheka," akasema. "Lakini alikuwa anabembeleza vizuri. Mimi mume wangu hajawahi kunibembeleza hivyo."

"Maneno yenyewe unayakumbuka?"

Akafikiri. "Anasema njia ilikuwa na utelezi. Hayo ndiyo nakumbuka. Si ungekuja ukayasikia mwenyewe?"

Hakusema kwa ubaya. Alikuwa anauliza tu.

Kurudi Lushoto

Kesho yake nikiwa Lukozi simu ya Mama Shafii ikaingia.

"Mwanangu, uko wapi? Mzee wako yuko hospitali Lushoto. Amenyeshewa, kifua kimembana. Jana jioni tulimpeleka kwa gari la muuza bucha."

Sikumbuki sana ile njia. Nakumbuka nilifika wodini na viatu vya tope, muuguzi akaniambia nivivue.

Mzee Alois alikuwa mwembamba, mrefu kuliko kitanda. Koti lake la maigizo, jeusi, lenye viraka vya makusudi, lilikuwa limetundikwa dirishani likauke.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba." Sauti haikuwepo. Ilikuwa pumzi tu. "Ndiye wewe?"

"Ndiye mimi, babu. Nisamehe. Nilikuwa nimezima simu."

"Tumepishana," akasema, akatabasamu. "Watu wawili wanatafutana, wamepishana. Hilo nalo ni igizo."

Nilicheka nikiwa nalia. Nikamwuliza kwa nini hakungoja ndani mvua ilipoanza. Akafumba macho. Ilibidi niiname.

"Watu walitaka kuona. Gulio zima. Nikawaambia mlango upo, basi. Mume amefungiwa nje, mwanangu. Atasimamaje barazani?"

Alitaka kunipa mstari mmoja. Aliinua mkono kama anayebisha hodi, akavuta pumzi, kikohozi kikamkamata kikamkunja. Muuguzi akaja haraka, akanitoa kwa mkono begani. Nikiwa mlangoni nikasikia mzee ananiita kwa ile pumzi yake.

"Nenda kwa Salome. Anajua mimi naanzia wapi na naishia wapi."

Mama Fausta, niliyempigia kutoka Lukozi, alikuwa ameshaingia Lushoto kumuuguza. Nikamwachia mzee.

Soni, mara ya pili

Soni kila mtu alikuwa na la kunieleza. Hawakuniita tena dada wa filamu. Mama Shafii alisema mzee alifika, akaambiwa mgeni ameondoka alfajiri, akasema, "Basi atarudi, nitamngoja." Akavaa koti. Watu wakauliza koti la nini. Akawaambia. Wakamsihi. Akamwomba Mama Shafii afunge mlango wa mgahawa, naye akaufunga, wateja wakiwa ndani na sahani zao.

"Akaanza kubisha," Mama Shafii akasema. "Anaongea, ananyamaza, anasikiliza, halafu anajibu. Hakuna mtu ndani anayemjibu, lakini wewe unaona kabisa anajibiwa. Mimi nilikuwa ndani, nimeegemea mlango. Walahi nilitaka kumfungulia."

Muuza bucha aliongeza kwamba wauza nyanya waliacha nyanya zao. "Dada, ungekuwepo," akaniambia, na kila niliyekutana naye siku ile alimaliza hivyo hivyo. Ungekuwepo.

Kulikuwa na mtu aliyerekodi? Alikuwepo mmoja, muuza bucha mwenyewe, sehemu ya mwisho tu. Alinirushia kwenye simu yangu. Nilijibanza jikoni kwa Mama Shafii nikaifungua. Mzee Alois yupo mbele ya mlango, mvua inamtiririka mabegani, anaongea. Midomo inakwenda. Na juu yake, kutoka spika ya mchuuzi wa gulioni, mwanzo hadi mwisho, sauti kubwa inatangaza dawa ya panya, mende na kunguni. Neno lake hata moja halisikiki.

Njia ya Bumbuli

Nyumba za zamani za wafanyakazi zimejipanga juu ya chai iliyoachwa ikarefuka. Bi Salome alikuwa ananingoja na gauni la kanisani. Nilidhani nitamkuta mkubwa, mwenye kujaza mlango. Alikuwa mdogo kama msichana, na macho yake yalikuwa yanatazama nyuma yangu, kama alivyofanya mama Fausta.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Alois yuko wapi?"

Nilimwambia yote. Alisikiliza bila kunikatiza, akanikaribisha ndani, akanipa ugali na mboga ya maboga, akasubiri nile kwanza. Kisha akavuta kigoda, akakaa nyuma ya mlango wake, akaufunga.

"Washa chombo chako."

Akaanza. Alikuwa mwanamke wa ndani, amechoka, uji umepoa. Alikuwa anasema maneno yake, kisha ananyamaza. Mwanzoni nilidhani amesahau. Kumbe anamsikiliza Alois. Alikuwa anampa muda wake wote, anatikisa kichwa, mara anaguna, mara anacheka na kuficha kicheko kwa kiganja, halafu anajibu. Nilimwomba anitajie maneno ya mwenzake.

"Yale ya mwishomwisho ninayo, yanayonipa zamu," akasema. "Akisema 'utelezi' najibu mimi. Akisema 'mama yako shahidi' najibu mimi. Ya katikati sikuwahi kuyashika. Yalikuwa yake, na kila siku aliyabadilisha."

"Na mwisho, mama? Mke alikuwa anafungua?"

Hapo ndipo nilipopata jambo ambalo hakuna aliyewahi kuniambia.

"Inategemea. Hatukupanga. Yeye alisema maneno yake ya mwisho, nami nikiwa ndani nikaamua. Yakiniingia, nafungua, watu wanashangilia. Yasiponiingia, nazima taa, anabaki nje, watu wanamzomea. Alikuwa hajui mpaka asikie komeo."

"Kweli hakujua?"

"Angejuaje? Mimi mwenyewe nilikuwa sijui."

Nikamwonyesha ile video ya muuza bucha. Nilimtahadharisha kuwa sauti ni ya dawa ya panya. Akaisogeza simu karibu na uso. Mara ya kwanza aliangalia kimya. Mara ya pili akaanza kusema maneno yake, taratibu, na yaliingia pale pale mzee aliponyamaza.  Mzee alisema, akasubiri. Bi Salome akajibu. Mzee akatikisa kichwa kama amesikia. Mwishoni mzee aliweka kiganja chake juu ya mlango, akasema maneno machache, akasimama tu mvuani, hakubisha tena.

Bi Salome alinirudishia simu. Mkono wake ukaenda kwenye komeo la mlango wake, ukalivuta. Mwanga wa jua ukaingia ndani.

"Hapa ningemfungulia," akasema. "Mwambie. Mwambie Salome amesema angemfungulia."

Mombo, na nyumbani

Nilikusudia kupandisha tena Lushoto nimwambie mwenyewe. Lakini basi la Dar lilikuwa linapita Mombo mchana ule, msimamizi wangu alikuwa ananitaka chuoni, na nilijiambia simu inatosha. Nikiwa Mombo, chini ya jua, nimeshika sahani ya wali, nilimpigia mama Fausta.

"Mzee anaendeleaje?"

"Afadhali kidogo. Ndiyo kwanza amepata usingizi. Nimwamshe?"

Fikirieni mgonjwa aliyekohoa usiku kucha, amelala sasa hivi, na wewe unataka aamshwe kwa ajili ya igizo. Nilifikiri hivyo.

"Hapana, dada. Mwache apumzike. Nitapiga kesho."

Kesho yake, kabla sijapiga, mama Fausta alinipigia yeye. Mzee alikuwa amefariki usiku. Alizikwa Rangwi, kwenye makaburi ya misheni, na koti lake wakamwekea ndani.

Tasnifu yangu inaendelea. Msimamizi amesema sura hiyo ni nzuri, ila niweke wazi kwamba matini haijakamilika. Nimeweka wazi. Kwenye kurasa upande wa mke umejaa, na upande wa mume una neno moja moja la mwisho, na kati yake nafasi tupu. Amenishauri nizijaze kwa kubuni, wengi hufanya hivyo, mradi waeleze kuwa wamebuni. Nimejaribu. Nimefuta.

Bi Salome alinipigia wiki ile ile ya maziko. Alikuwa ameazima simu ya jirani. Tulisalimiana, tukapeana pole, akaniuliza kama nilifika salama, kama nimekula, kama Dar kuna joto. Kisha akashusha sauti.

"Ulipomwambia, alisemaje?"

Ningeweza kumtungia kitu. Kazi yangu ni maigizo.

"Sikumwambia, mama. Nilipopiga alikuwa amelala. Nikasema asiamshwe."

 Nilisikia kuku wa jirani yake, na mtu akipita akimsalimia, na yeye haitikii.

"Ungemwamsha," akasema. "Ungemwamsha tu, mwanangu."